Wimbo wa mdogo wangu aliyeondoka kwa unga: ubeti wa tatu niubakishe au niufute?

Gitaa la Magomeni

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanamuziki, na kwa wale waliofiwa na mtu wa unga, yaani heroini, maana kwangu mambo hayo mawili yamekutana.

Mimi ni mpiga gitaa, sina lebo wala meneja. Napiga dansi kwenye harusi na kumbi za Kinondoni na Sinza, nyimbo zangu mwenyewe nazirekodi kwa hela ya harusi. Mwaka jana tulimzika mdogo wangu. Alianza na kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, alipomaliza shule, akaja kuvuta unga mtupu, mwisho akawa anajidunga. Alikuwa mpiga tumba. Nimesimama na wapiga tumba wengi jukwaani na sijakutana na mkono kama ule. Alijifunzia kwenye dumu la maji, tukiwa kwenye foleni ya bomba, na wanawake waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa wakimwambia mama, huyu usimpeleke kokote, mpeleke kwenye bendi.

Msibani tulisema ni presha. Watu walijua, na sisi tulijua kwamba wanajua, lakini ilisemwa presha kwa heshima ya mama, na kwa heshima ya mama watu wakaitikia. Tangu siku ile sikuweza kupiga kitu kingine nyumbani isipokuwa wimbo mmoja. Uko kwenye G, mwendo wa rumba ya taratibu, una beti nne. Ubeti wa kwanza ni dumu na foleni ya bomba. Wa pili ni arosto, mateso ya mwili kukosa unga. Aliyewahi kulala chumba kimoja na mtu mwenye arosto ataelewa: anapiga miayo bila usingizi, machozi na makamasi yanamtoka, vinyweleo vimemsimama na huku ni Februari ya Dar na bati linachemka. Mdogo wangu alikuwa akijilaza sakafuni kwa ajili ya ubaridi wa saruji, ananiambia, "Kaka piga tu chochote, nisisikie mifupa." Napiga. Baada ya muda vidole vyake vinaanza kugonga sakafu, chini kwa chini, na hakosei pigo hata moja. Ubeti huo mama ameusikia na hakusema neno.

Ubeti wa tatu ndio wenye mgogoro. Unasema hivi:

*Ulirudi umenona, mama wali akapika*
*Mwili dawa umekana, mkono ukakumbuka*
*Kipimo kile cha jana, pumzi ikakatika*
*Pagaleni wakuona, asubuhi ikifika*

Ndivyo ilivyokuwa. Alikaa soba hausi, nyumba ya kuachia unga, miezi kadhaa, akarudi ana mashavu, anakula, anacheka. Mama akapika pilau akaita majirani. Haikupita wiki nyingi akapatikana kwenye pagale la mtaa wa pili. Alichukua kiasi kile kile alichokizoea zamani, na mwili haukuwa tena ule wa zamani.

Mama aliposikia ubeti huu alisimama akaniambia, "Mwanangu amestiriwa na sanda, wewe unataka kumfunua." Mama ni mtu wa swala tano, ametufundisha tangu wadogo kwamba maiti hutajwa kwa mema yake. Siwezi kumdharau. Lakini nikiufuta ubeti huo, wimbo unabaki kulia tu bila kusema mtu amekufa kwa nini, na pale maskani wako vijana ambao kesho watatoka soba hausi au jela na kufa kifo hicho hicho, kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Maswali yangu: Ubeti niubakishe? Pili, nina rekodi ya simu ya marehemu akigonga dumu, haifiki dakika, na mwishoni anasema, "Kaka, hapo usiingie mapema." Ni haki kuiweka kwenye wimbo unaoweza kuingiza hela? Tatu, kwa wazee wa dansi, wimbo wa namna hii unawekwa chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi ya kuchezwa, au unaachwa utulie hadi mwisho?

Fundi Mitambo

Pole sana mkuu. Mimi ni prodyuza, nina studio ndogo ya chumba kimoja. Najibu la rekodi kwanza, na naomba ulifanye leo kabla ya kumaliza kusoma uzi huu: itoe rekodi hiyo kwenye simu. Iweke kwenye flashi, kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, na kwenye barua pepe yako. Usiitume WhatsApp kama ujumbe wa sauti, inabanwa na inapoteza ubora. Itume kama faili. Simu inaibiwa kwenye daladala hivi hivi.

Studio utakayokwenda, prodyuza atataka kuliburuta lile dumu liendane na kliki, mlio wa mashine unaoshika mwendo. Kataa. Mtu anayegonga kwa mkono anapumua, anakimbia kidogo, anarudi. Ukimnyoosha unabaki na mashine. Fanya kinyume: lile dumu liwe ndiyo kliki yenu, wewe na besi mlifuate mkiwa na spika za masikioni. Ni kazi ngumu, mtarudia mara nyingi, lakini ndiyo njia. Kelele za nyuma ziache. Ondoa tu lile vuma la chini la upepo lisigombane na besi. Kama anasikika jogoo au muuza karanga, mwache naye awemo.

Kuhusu hela, kwa mawazo yangu mapigo yale ni utunzi wake na jina lake lastahili kuwemo. Ukisajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, usiandike jina lako peke yako. Kwa sheria ya hakimiliki ya 1999 haki ya mtunzi inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, na warithi ndio wanaoishika. Je, ameacha mtoto? Kama yupo, ana haki kwenye mgao wa mirabaha wa baba yake. Hapo huuzi sauti ya marehemu. Unamlipa mpiga tumba wako.

Gitaa la Magomeni

Mkuu nimeshaitoa, iko sehemu tatu sasa. Ndiyo, ameacha binti, yuko darasa la pili, anakaa na bibi yake mzaa mama huko Mbagala. Hili la warithi sikuwa nimeliwaza na limenipa nguvu. Anasikika muuza kahawa kwa mbali, anagonga vikombe vyake, na ajabu ni kwamba marehemu anamjibu na dumu. Nilikuwa nimeambiwa na mtu mmoja wa studio nimfute muuza kahawa. Hafutwi.

Mwana wa Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Pole ndugu yangu, Mungu amrehemu. Mimi ni mpiga udi, na huku kwetu unga umeingia nyumba nyingi za Mji wa Kale, nyumba za watu wenye majina. Nimemzika binamu yangu kwa jambo hilo hilo.

Mimi niko upande wa mamako. Wewe ukishuka jukwaani unarudi kwako, lakini mamako ndiye atakayekwenda sokoni, ndiye atakayekaa na wanawake kwenye maulidi huku wimbo unalia kwenye simu za vijana. Na huyo binti wa darasa la pili ataulizwa shuleni, babako ndiye yule wa pagale? Umeliwaza hilo?

Waimbaji wetu wa taarab wamesema mazito kuliko hayo bila kutaja kitu kwa jina lake. Mtu anaimba habari ya jahazi lililovunjika ndani ya bandari, si baharini, na kila aliyefiwa analia kwa lake. Shairi lako lina vina vizuri na mizani imesimama, nane kwa nane, kwa hiyo uwezo unao. Funga fumbo. Mwenye kujua atajua, na maiti atabaki na sitara yake.

Gitaa la Magomeni

Nashukuru kaka wa Mombasa, na la binti limenigusa sana, nitalirudia. Ila la fumbo naomba nibishane nawe kidogo kwa heshima. Jahazi linamfaa aliyekwisha kufiwa. Yeye anajua tayari, anatafuta pa kulilia. Mimi namwimbia aliye hai, anayetoka soba hausi Jumatatu. Yule nikimwimbia jahazi atatikisa kichwa, atasema gitaa tamu, kisha jioni atakwenda kijiweni kuchukua kete zile zile alizozoea. Mdogo wangu alipenda mafumbo na alijua kuyafumbua kuliko mimi. Hakuna aliyemwambia waziwazi kwamba mwili ukikaa bila unga unapoteza uzoefu. Nimewauliza wenzake pale maskani, mmoja mmoja. Karibu wote wanadhani ukikaa muda mrefu bila kutumia unarudi na nguvu zaidi, kwamba damu imekuwa safi, kwa hiyo unaweza kustahimili hata zaidi ya zamani. Ni kinyume kabisa cha ukweli. Hiyo ndiyo sababu ya ubeti wa tatu kuwepo.

Dada wa Dirishani

Kaka yangu pole, na pole kwa mama. Mimi ni mwelimisha rika kwenye kliniki moja ya methadone, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa unga, hapa Dar. Nami nilitumia, sasa nakunywa dozi yangu kila asubuhi pale dirishani mbele ya nesi kama wenzangu, kisha naanza kazi. Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na bado nakutana na familia Dar hii hii ambazo hazijawahi kusikia kwamba ipo na ni ya bure.

Unachosema kuhusu kipimo cha jana ni kweli tupu. Wiki za mwanzo baada ya kutoka jela, hospitali au soba hausi ndizo hatari kuliko zote. Ubongo umeshaacha kuuzoea unga, na unga kazi yake mojawapo ni kupunguza kasi ya pumzi. Kiasi kilichokuwa kinamtuliza zamani sasa kinasimamisha pumzi kabisa. Nimezika wengi kwa njia hii, na karibu wote walikuwa wamenenepa, wamependeza, mama zao wamefurahi. Kwa hiyo neno lako "umenona" lilinishika hapa shingoni. Ubeti ubaki.

Lakini nina mambo mawili. La kwanza, usiongeze maelezo ya vifaa. Usiimbe sindano, ndimu, kijiko wala kiberiti. Mtu aliyeacha akisikia vile, mate yanamjaa na mwili unaanza kuita. Ubeti wako hauna vitu hivyo na naomba usishawishike na prodyuza au mtu wa video kuviingiza. Kwenye video ndiyo kabisa, wanapenda kuonyesha mkono na sindano. Kataa.

La pili, umesema pumzi ikakatika. Wenzake waliokuwa naye walifanya nini? Sikuulizi kwa kuwalaumu. Mara nyingi mtu aliyezidiwa anakoroma, mkoromo mzito wa ajabu, wenzake wanasema mwacheni kalala. Kumbe ndiyo pumzi inakwisha. Midomo inabadilika rangi, ukimwita haamki, ukimfinya haamki. Pale anatakiwa alazwe ubavu asipaliwe, apuliziwe pumzi kama hapumui, na akimbizwe hospitali. Ipo dawa ya kuzindua, naloxone, inaondoa nguvu ya unga kwa dakika chache na mtu anavuta pumzi tena. Hata akizinduka asiachwe peke yake, kwa sababu dawa hiyo inaisha kabla unga haujaisha mwilini na anaweza kuzama mara ya pili. Kama una nafasi ya mstari mmoja tu kwenye ubeti wa nne, weka mkoromo. Mkoromo huo ukiwa ndani ya kiitikio kinachoimbika utafika maskani kuliko semina zangu.

Gitaa la Magomeni

Dada nimesoma ujumbe wako nikatoka nje kwanza. Ndiyo, walisema alikuwa anakoroma. Wale vijana wawili waliokuwa naye walikuja kwangu baada ya arobaini, wamekaa kwenye ngazi hawataki kuingia ndani, wakaniambia, "Bro, tulimfunika na shati, tukajua kalala." Hawakumkimbia. Walikaa naye mpaka alfajiri. Sikuwa na la kuwalaumu, walimfunika wasije mbu wakamsumbua.

Ubeti wa nne nimeuvunja wote usiku huu. Umeanza kuja hivi:

*Akikoroma si kulala, mwamshe usimfunike*
*Mlaze kwa ubavu wake, mwite na jina aitike*

Mizani imenishinda, wa Mombasa ataniona. Lakini maneno ni haya.

Mwana wa Kibokoni

Mizani imezidi, ni kweli, tisa kwa tisa. Ukitaka nane kwa nane: *Akikoroma halali, mwamshe usimfunike.* Upande wa pili bado umezidi silabi moja ila kwenye kuimba utaimeza. Wa ubavu: *Mlaze wake ubavu, mwite jina aitike.*

Na nimesoma ya huyo dada. Sina la kubishana naye. Nabaki na moja tu, mamako na yule mtoto. Tafuta namna yao.

Mzee wa Rhythm

Vijana, hamjambo. Nimepiga gitaa la rhythm kwenye bendi za dansi tangu miaka ya sabini, Morogoro na Dar, sasa vidole vimekakamaa nafundisha wajukuu. Najibu la chemko kwa kuwa hilo nalijua.

Dansi limelia misiba tangu tulikuwa wadogo. Tulizika wanamuziki wenzetu, tukatunga, tukapiga wiki ile ile ukumbini, na chemko liliwekwa. Watu walicheza huku wanalia, na hakuna aliyeona ni kufuru, kwa sababu marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa ukumbi. Ukimwimbia mpiga tumba wimbo usiofika kwenye chemko umemnyima zamu yake. Sehemu ya tumba kutamba ni pale.

Sasa nisikilize vizuri. Rekodi ile ya dumu usiiweke mwanzoni. Najua ndipo ulipopapanga, kila mtu angepapanga pale, kwa kuwa inaliza. Mwanzoni ingia na gitaa lako peke yako. Imba beti zote nne. Ubeti wa nne ukiisha, besi inyamaze, solo inyamaze, kila kitu kinyamaze. Hapo ndipo dumu liingie peke yake, na muuza kahawa wake. Liache litembee hadi lile neno lake, "Kaka, hapo usiingie mapema." Nawe usiingie. Hesabu mizunguko minne mizima, dumu linarudiwa, watu wanasubiri gitaa, haliji. Wa tano ndipo ushuke na chemko, mikono yote, na mpiga tumba aliye hai adakie pale marehemu alipoachia. Asimwige, amjibu.

Kuhusu mama: usimpigie wimbo huu kwa simu wala spika. Kaa naye chini, gitaa tupu, umwimbie polepole, kisha umuulize neno gani linamuuma. Mama hakatai wimbo wote. Kuna mahali pamoja panapomchoma. Patafute.

Gitaa la Magomeni

Shikamoo mzee wangu. Nilifanya kama ulivyosema, jana baada ya Isha. Nilikaa kwenye mkeka, yeye kitandani na tasbihi yake. Niliimba beti zote, na ule wa nne mpya. Kwenye kukoroma alisimamisha tasbihi. Alikuwa hajui habari ya kukoroma. Nikamweleza alivyosema yule dada, na wale vijana walivyomfunika shati. Alilia sana, akaniuliza majina ya wale vijana, akasema niwaite waje kula.

Kisha nikamuuliza, mama, neno gani? Akasema, "Pagale." Wali, kipimo, pumzi, vyote alivikubali. Lile pagale sasa limejengwa, kuna familia inaishi, mama mwenye nyumba amepanda mchicha pale pale, na mama yangu anapita kila siku kwenda dukani. Hataki watu waje kusimama nje ya nyumba ya yule mwanamke wakionyeshana kwa kidole. Na hataki mjukuu wake amkumbuke baba yake mahali pale. Nikamuuliza yeye anamkumbukia wapi. Akasema akisikia mlango wa uani unasukumwa usiku, bado anajua ni yeye. Kwa hiyo mstari wa mwisho wa ubeti wa tatu umekuwa huu:

*Hata sasa twakuona, mlango ukisikika*

Jina la marehemu sitalitaja mahali popote kwenye wimbo. Litakuwa kwenye usajili tu, kwa ajili ya binti yake.

Wa Mombasa, nimechukua "akikoroma halali" kama ulivyonipa, na nitakuandika kwenye shukrani ukiniruhusu. Dada wa Dirishani, rekodi ikiisha naomba kibali niuimbe pale kliniki asubuhi moja watu wakiwa kwenye foleni, kabla haujaenda Boomplay wala YouTube. Wao wausikie kwanza na wakisema kuna neno linawaita mwili, nalitoa.

Fundi, studio nimepata, prodyuza amekubali kufuata dumu. Besi ninaye. Kilichobaki ni mpiga tumba. Natafuta mtu wa Dar, awe na tumba zake mbili, aliyezoea rumba, na asiyeona vibaya kusikiliza rekodi ya marehemu mara nyingi kabla ya kugusa ngozi. Malipo ni ya kawaida ya siku ya studio, yapo, sio ahadi. Aliye tayari aniandikie faragha, tunaingia Jumamosi ijayo.

Dada wa Dirishani

Foleni inaanza saa kumi na mbili na nusu. Nitaongea na msimamizi, lakini njoo na gitaa. Na kuna mteja wetu mmoja hapa, alikuwa anapiga ngoma kwenye kikundi cha Temeke, ana zaidi ya mwaka kwenye dozi, mikono imetulia. Tumba hana. Ukimpatia za kuazima, nitamwambia akupigie.

Fundi Mitambo

Tumba zipo kwangu, zimekaa tu. Ngozi ya moja inahitaji kukazwa. Njoo Ijumaa uzichukue.